Safu ya Nane

Jedwali la waombaji lilikuwa na safu saba: jina, umri, elimu, uzoefu, makazi, wadhamini, maoni. Siku ya pili ya mchujo, mkuu wangu wa kazi akaniambia niongeze ya nane, niipe kichwa "Mitandao".

"Mdogo wangu, barua kila mtu anaandikiwa siku hizi," alisema. "Steshenari pale nje wanakutengenezea wasifu ukadhani ni wa waziri. Ukitaka kumjua mtu nenda Instagram."

Ilikuwa mwaka 2021, Mikocheni, kwenye ofisi ambayo sitaitaja. Nilikuwa na miezi minne kazini, msaidizi katika idara ya rasilimali watu, mkataba wa mwaka mmoja. Tulikuwa tumetangaza nafasi moja ya mapokezi na maombi yalizidi 200. Tuliyachuja wakabaki watu 12. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta hao 12 mtandaoni, mmoja mmoja, niandike nilichokiona, ili wabaki 5 wa kuitwa kwenye usaili.

Niliifanya kazi ile kwa bidii, na nitakuwa mwongo nikisema haikuninogea. Kuchungulia kuna utamu wake. Unakaa kwenye kiti chako, chai pembeni, unapitia maisha ya mtu asiyejua kama upo. Huyu kaachana na mchumba wake, maana picha zote za mwaka juzi zimekatwa upande mmoja. Huyu anaomba dua kila Ijumaa. Huyu mama yake anaumwa. Kila nilichokiona nilikigeuza neno moja au mawili, nikakiweka kwenye safu ya nane: "sawa", "mtulivu", "siasa nyingi", "hana akaunti". Huyo asiye na akaunti mkuu wangu alimtilia shaka kuliko wote.

Wa tisa alikuwa binti wa Mbagala. Alikuwa na cheti cha chuo, na miaka miwili ya kazi ya uwakala wa kutuma na kutoa pesa, Rangi Tatu. Aliyewahi kukaa kwenye kile kibanda cha mwavuli anajua maana ya miaka miwili pale: unahesabu pesa za watu kwenye jua, unatukanwa mtandao ukisumbua, na jioni hesabu isipotimia unalipa mwenyewe. Kwa kazi ya mapokezi sikuona aliyemzidi.

Kwenye akaunti yake kulikuwa na video ya mwaka 2018. Uani kwa watu, mchana, wanawake wamevaa sare ya kanga, ngoma inalia, na yeye katikati amejifunga kanga kiunoni, anacheza. Anacheza kama inavyochezwa. Mkuu wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Hee! Huyu ndiye tumweke mapokezi? Hivi hapa ni wapi?"

Nilijua ni wapi. Kwa sekunde mbili hivi, kamera ilipozunguka, alionekana msichana amebebwa mabegani, amefunikwa kanga, watu wanamtunza noti. Yule alikuwa mwali anatolewa. Ile ilikuwa sherehe ya familia ya Kizaramo, yenye mashangazi na bibi zake, na yule binti alikuwa anamchezea mdogo wake au binamu yake kama alivyochezewa yeye. Asiyecheza siku hiyo ndiye anayesemwa. Mkuu wangu alikulia mkoa mwingine na hizo sekunde mbili hakuziona. Mimi niliziona.

"Vigodoro tu, dada," nikasema. "Uswahilini huko."

Akacheka. Nikaandika kwenye safu ya nane: "mwenendo". Yule binti hakuitwa.

*

Kabla sijaeleza kwa nini nilisema vile, niseme kwamba nimezaliwa Mbagala Kizuiani. Pale ofisini nilikuwa nimesema natokea Kurasini, ambayo iko barabara ile ile ya Kilwa ila inasikika vizuri zaidi. Na mimi nilitolewa mwali, nikabebwa mabegani, nikatunzwa. Picha ilikuwepo, binamu yangu aliiweka Facebook na kunitaja jina. Wiki moja kabla ya usaili wangu mwenyewe nilimpigia simu nikamwomba aifute. Aliniuliza kama naona aibu. Nikamwambia hapana, ni mambo ya kazi tu.

Kwa hiyo yule binti nilimhukumu kwa kosa ambalo mimi nilikuwa nimewahi kulifuta. Tofauti yetu ilikuwa kwamba mimi nilijua dirisha litafunguliwa, yeye hakujua.

Nimejitetea kwa miaka kadhaa kwa hoja ambayo kila mtu anayo mdomoni: aliweka mwenyewe hadharani. Hakuna aliyevunja mlango. Hatukumwomba nywila, hatukudukua simu. Kama hutaki watu waone, usiweke. Hoja hii ina nguvu, na hata sheria za wenzetu zimeishia hapo hapo. Mwaka 2012 jimbo la Maryland, Marekani, lilikuwa la kwanza nchini humo kupiga marufuku mwajiri kumdai mwombaji nywila ya akaunti zake, baada ya mfanyakazi mmoja wa magereza kutakiwa atoe ya Facebook akiwa kwenye usaili wa kurudi kazini. Lakini kutazama kilicho wazi hawakukukataza. Mlango umefungwa, usiugonge kwa nguvu. Ukiwa wazi, macho ni yako.

Kinachonisumbua ni kwamba mimi nimekulia mahali ambapo karibu kila kitu kilikuwa wazi, na hatukuishi hivyo.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba sita, korido katikati, choo kimoja uani. Dari haikuwepo na kuta hazikufika juu, kwa hiyo sauti ya chumba kimoja ilikuwa ya nyumba nzima. Tulijua nani hana pesa ya kodi. Tulijua nani analia usiku. Mume na mke wakigombana saa nane za usiku, vyumba vyote sita viliamka. Asubuhi yule mama akitoka na ndoo yake alikuta wenzake uani wanaosha vyombo, na salamu ilikuwa ile ile ya siku zote: umeamkaje, mzima, watoto je? Hakuna aliyesema kitu. Siku mimi, nikiwa na miaka saba au nane, nilipouliza kwa sauti, "Mama, kwani jana walikuwa wanapigana?", nilifinywa hadi leo nakumbuka mahali.

Neno letu kwa jambo hili ni sitara. Tunaombeana: Mungu akusitiri. Na ukilitazama neno lenyewe utaona lina watu wawili ndani yake, anayesitiriwa na anayesitiri. Faragha kama tunavyofundishwa kwenye semina za mitandao ni kazi ya mtu mmoja: badili mipangilio ya akaunti yako, futa picha zako, chunga unachoweka. Ukishindwa, umejitakia. Sitara ni jambo unalopewa na mwenzako ambaye ameona na anaweza kusema. Maskini wa nyumba ya kupanga hana ukuta wa kutosha, na kama heshima yake ingetegemea ukuta peke yake angekuwa hana heshima kabisa. Anayo kwa sababu majirani wanamjengea ule uliobaki.

Ndiyo maana "aliweka hadharani" hainitoshi tena. Ule mchezo ulikuwa hadharani uani, mbele ya watu hamsini, kabla haujawekwa popote. Hao hamsini wote walijua wanatazama nini. Mwanafalsafa Helen Nissenbaum, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu faragha, anasema kosa haliko katika habari kujulikana. Liko katika habari kutoka mahali ilipotolewa kwa kanuni fulani na kupelekwa mahali penye kanuni nyingine. Bibi yangu hakumsoma, lakini angemwelewa haraka. Ya uani hayapelekwi barazani.

*

Nilipomsimulia kaka yangu haya alinipinga, na sikupata jibu la haraka.

"Kwani waajiri wameanza kuuliza leo?" alisema. "Ukitaka kazi ya ulinzi unapeleka barua ya serikali ya mtaa. Unaweka wadhamini. Binti akiposwa, watu wanatumwa kimya kimya mtaani kwao kuuliza ukoo. Instagram ni mjumbe wa kisasa tu."

Ni kweli. Kuulizia watu ni utamaduni wa zamani hapa. Upo hata upande wake mchungu. Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanaume Mwafrika aliyezidi miaka 16 kubeba kipande chenye alama za vidole, majina ya waajiri aliowafanyia kazi na mshahara aliolipwa. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Mwajiri mpya alikuwa anamsoma mtu kabla hajamsalimu. Hapa kwetu, kwenye mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, nayo ilitosha kumfunga mtu kwa bwana wake. Wazee wetu walikichukia kipande, na sidhani ni kwa sababu kiliandika uongo. Waliona uchungu wa kubebeshwa maneno ya wengine kuhusu nafsi yako, usiyoweza kuyabadili.

Lakini nilimjibu kaka yangu kwamba mjumbe ana uso. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anapoulizwa habari zako, anaulizwa mtu anayekujua mzima mzima: anajua ulicheza kwenye shughuli, na anajua pia ulimpeleka jirani hospitali usiku wa manane. Anajua kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo. Akisema uongo, utamkuta njiani kesho. Mshenga naye hurudi na maelezo, na wazee hukaa wakayapima, na mara nyingine mtu huitwa aulizwe. Video ya sekunde arobaini haijui chochote kuhusu wewe, haiwezi kuulizwa, na haina aibu.

"Sawa," kaka akasema. "Una mtoto wa miaka minne. Yule dereva wa basi la shule yake, ukikuta kajirekodi anaendesha amelewa, utamsitiri?"

Nisingemsitiri. Ningeenda shuleni asubuhi ile ile.

Hapo ndipo ninapolazimika kuacha kuongea kwa urahisi. Kuna wanaoandika mtandaoni kwamba kabila fulani si watu, kisha wanaomba kazi ya kuhudumia watu wa makabila yote. Kuna mwalimu anayewaandikia wasichana wa shule maneno machafu. Sitara haijawahi kumaanisha kumfichia mtu madhara anayowafanyia wengine. Kwenye ile nyumba ya vyumba sita, siku mume alipochukua panga, milango yote mitano ilifunguliwa. Tulinyamazia aibu ya mtu. Hatari kwa mtu hatukuinyamazia. Kutofautisha hivi viwili ndiyo ilikuwa akili ya kuishi pale.

Kwa hiyo sisemi mwajiri asitazame kamwe. Nasema anayetazama anabeba deni. Anapaswa ajue kabla ya kutazama anatafuta nini na kwa nini kazi hii inakihitaji. Dereva: ulevi barabarani. Mhasibu: utapeli. Mapokezi: nini hasa? Mkuu wangu asingeweza kujibu, wala mimi. Tulikuwa tunatafuta chochote, na anayetafuta chochote hukosa vya kukosa.

Na tukiwa tunatafuta chochote, tunachokipata kwa kawaida ni kile tulichokuja nacho. Marekani, watafiti Alessandro Acquisti na Christina Fong walituma maombi ya kazi ya watu wa kubuni kwa waajiri zaidi ya 4,000. Wasifu ulifanana, kilichotofautiana ni akaunti za mtandaoni, ambamo mwombaji mmoja alionekana Mwislamu na mwingine Mkristo. Katika majimbo yenye wafuasi wengi wa chama cha Republican, Mwislamu aliitwa mara chache kuliko Mkristo. Waajiri wale bila shaka walijiona wanachunguza tabia. Sisi Mikocheni tulichunguza tabia tukapata Mbagala.

*

Sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, mahali anapotoka, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na mengine, na inasema wazi kwamba kwenye kifungu hicho mwombaji kazi naye huhesabiwa mfanyakazi. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikiwa na tume yake, na inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana, zisizidi lengo hilo.

Lakini sheria zote hizi zinasubiri mtu aje alalamike. Yule binti angelalamika nini? Hakujua. Hapa ndipo naona ubaya wenyewe ulipo, kuliko hata kuchungulia. Aliyekataliwa kwa cheti anajua arudi shule. Aliyekataliwa kwa uzoefu anajua atafute uzoefu. Yeye aliambiwa, kama waliobaki, "tunashukuru kwa nia yako". Pengine alirudi steshenari akalipa wasifu uandikwe upya. Pengine alifikiri Kiingereza chake ndicho kibaya. Tulimwachia atafute kosa mahali ambapo halipo.

Hata mshtakiwa wa kuku wa wizi huulizwa: una la kusema? Simu moja ingetosha. "Tumeona video hii, tueleze." Angesema, "Ni mdogo wangu alikuwa anatolewa mwali." Sentensi moja. Na kwenye chumba kile mtu wa kuisema alikuwepo, alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono kwenye kipanya.

Vijana wenzangu wana dawa: usiweke kitu. Nawasikia wanafundishana namna ya kusafisha akaunti kabla ya kuomba kazi, na siwalaumu. Tangu 2019 anayeomba viza ya Marekani anatakiwa ataje akaunti zake za mitandao za miaka mitano, na mwaka 2025 waombaji viza za masomo wakatakiwa waziache wazi zikaguliwe. Uingereza, mwaka 2013, binti wa miaka 17 aliyeteuliwa kuwa kamishna wa vijana wa masuala ya polisi huko Kent alijiuzulu ndani ya siku chache kwa ajili ya maneno aliyoyaandika Twitter akiwa na miaka 14 hadi 16. Baadhi ya maneno yale yalikuwa mabaya kweli. Lakini ni nani kati yetu ambaye ya miaka 14 yake yangesomwa yote akabaki salama? Sisi tuliotangulia kidogo tulibahatika tu: upuuzi wetu ulisemwa kwa mdomo, ukasahauliwa.

Dawa hiyo inafanya kazi. Ndiyo iliyonipa mimi ajira. Ila gharama yake haikatwi kwa usawa. Kijana wa Masaki akiweka video yuko baharini na glasi mkononi, tuliandika "mchangamfu". Nakumbuka vizuri, alikuwa wa nne kwenye orodha. Anayetakiwa kufuta ni yule ambaye uani kwao hakufanani na ofisini. Akifuta shughuli ya mdogo wake, na singeli ya mtaani kwao, na bibi yake na ungo wake, kinachobaki ni mtu asiyetoka popote.

Mwaka jana nilimtafuta. Jina nilikuwa sijalisahau. Akaunti bado ipo na iko wazi. Ile video haipo. Hakuna uani, hakuna kanga, hakuna mtu mwingine yeyote. Kuna picha sita, zote amevaa koti la suti, nyuma yake ukuta mweupe.

Sijui alijuaje. Nilishusha kidole hadi mwisho wa ukurasa, nikapandisha tena, nikitafuta dalili kama alipata kazi, kama yuko salama. Nilikuwa kwenye daladala, tunaingia Rangi Tatu, kondakta anaita watu washuke. Ndipo nikashtuka kwamba ni mimi tena, nimekaa mahali asiponiona, namchungulia.

Nikafunga simu, nikashuka.